Fugwe ya Mtama na Machotara Yake

Maelezo kwa wakulima wa Chilangala na vijiji vingine vya uwanda wa Makonde



Mahindi chotara unayajua. Wataalamu huchukua mahindi ya aina moja, wakayapandisha kwa mbelewele za aina nyingine, na mbegu inayopatikana hubeba sifa za wazazi wote wawili. Jambo ambalo wakulima wengi hawajaelezwa ni kwamba magonjwa ya mimea nayo huweza kufanya vivyo hivyo. Lile vumbi jeusi unaloliona ndani ya suke la mtama, ambalo twaliita fugwe, nalo lina koo zake, lina ndoa zake, na laweza kuzaa chotara. Ndoa hiyo haifungwi mbali. Hufungwa chini ya udongo wa shamba lako, juu ya mbegu uliyoipanda kwa mkono wako, katika siku chache za kwanza baada ya mvua za Desemba.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mkulima akiisha kufahamu namna fugwe inavyooana atafahamu pia kwa nini bwana shamba humsumbua kila mwaka juu ya uwanja wa kupurilia, na kwa nini aina ya mtama iliyokuwa na kinga yaweza kuja kushindwa baadaye.

FUGWE ZILIZO NYINGI, JINA MOJA

Fugwe si ugonjwa mmoja. Ni kuvu za namna mbalimbali, na katika mtama zajulikana nne.

Ya kwanza ni fugwe ya punje iliyofunikwa. Suke huonekana zima, lakini mahali pa punje pana vifuko vya rangi ya kijivu au kahawia, mfano wa punje zilizorefuka kidogo. Ukikiminya kifuko kwa kidole, vumbi jeusi hutoka. Kifuko hiki ni kigumu, na mara nyingi hukaa bila kupasuka mpaka siku ya kupura.

Ya pili ni fugwe ya punje inayopukutika. Hii ni rahisi kuitambua hata kabla ya suke kutoka, maana mtama wenyewe huwa mfupi, bua lake jembamba, huchipua pembeni na kutoa suke mapema kuliko wenzake. Ngozi ya vifuko vyake ni nyepesi, hupasuka mara suke linapotoka, na upepo huchukua vumbi lote. Baada ya siku chache hubaki vijiti vyeusi vilivyopinda.

Ya tatu ni fugwe ya suke. Hapa suke zima hugeuka kuwa fuko moja kubwa lenye ngozi nyeupe, na ngozi ikipasuka huonekana nyuzi nyeusi katikati ya vumbi. Kuvu hii ina ndugu yake wa karibu sana anayeshambulia mahindi. Huharibu mbelewele na gunzi lote. Ya nne ni fugwe ndefu, ambayo hushika punje chache tu za suke na kuzifanya vijipembe virefu. Hiyo huingia kwa njia ya ua wakati suke linapochomoza, si kwa mbegu, kwa hiyo sitaisema tena hapa.

Fugwe mbili za kwanza ndizo hasa zinazotuhusu. Majina yake ya kitaalamu ni Sporisorium sorghi na Sporisorium cruentum. Zote mbili husafiri juu ya mbegu, zote mbili huingia katika mche mchanga kabla haujatokeza juu ya ardhi, na zote mbili huweza kukutwa katika shamba moja. Kwa hiyo zina nafasi nyingi za kukutana.

BILA NDOA HAKUNA UGONJWA

Chembe moja ya vumbi la fugwe ni ndogo mno. Ukizipanga chembe 100 za fugwe ya punje katika mstari mmoja, hazizidi urefu wa milimita 1. Lakini ndani ya chembe hiyo mna urithi kamili uliotoka kwa wazazi wawili. Chembe ikipata unyevu huota. Kabla ya kuota, urithi wa wazazi huchanganywa upya, kama mtu achanganyavyo karata, kisha hugawanywa kwa vitoto vinne. Hivyo vitoto vinne havifanani kabisa, kama vile watoto wa nyumba moja wasivyofanana. Kila kitoto huanza kuongezeka chenyewe kwa kuchipua, mfano wa hamira katika unga uliokandwa.

Hapa pana jambo la kushangaza. Kitoto kimoja, hata kikiongezeka mara elfu, hakiwezi kuudhuru mtama. Hakina nguvu ya kuingia katika mche. Ili kuingia, hapana budi kipate mwenzi, vikaungana, na kutoka kwao uote uzi mmoja mwembamba. Uzi huo ndio unaotoboa mche. Basi kila suke jeusi uliloliona maishani mwako lilitokana na ndoa.

Ndoa yenyewe ina masharti mawili, nayo yameandikwa katika jeni, yaani katika yale maagizo ya urithi ambayo kila kiumbe hupewa na wazazi wake.

Sharti la kwanza ni harufu. Kila kitoto hutoa harufu ya namna yake, na kina kitu mfano wa pua cha kupokea harufu ya namna nyingine. Harufu ya namna yake mwenyewe hakiisikii. Katika fugwe ya suke namna za harufu zilizojulikana ni 3. Katika fugwe ya mahindi iletayo vinundu ni 2 tu. Vitoto viwili vikisikilizana harufu, kila kimoja hurefusha kidole kuelekea mwenzake mpaka vikagusana.

Sharti la pili ni kama ufunguo uliokatwa vipande viwili. Kila mmoja huleta vipande vyake, lakini kipande cha mmoja hakikubali kushikana na kipande cha ukoo wake mwenyewe. Lazima kishikane na cha ukoo mwingine. Vikishikana, ndipo uzi unapopata amri ya kukua na kushambulia. Koo za sharti hili ni nyingi. Katika fugwe ya vinundu zimehesabiwa zaidi ya 20. Mmakonde hahitaji kufundishwa sana jambo hili, maana hata kwetu desturi ni kwamba watu wa ukoo mmoja hawaoani, na mtu huulizwa ukoo wake kabla ya posa kupokelewa.

Uzi ulioingia katika mche hupanda pamoja na ncha ya bua. Miezi yote ya mvua, Januari, Februari na Machi, hutaona dalili kubwa, hasa kwa ile fugwe iliyofunikwa. Mtama hustawi, majani ni mabichi, mwenye shamba hufurahi. Ndani ya uzi huo urithi wa wazazi wawili hukaa kando kando bila kuchanganyika, kama mume na mke waliooana lakini wasiokula chungu kimoja. Suke linapoanza kuumbika ndipo uzi huingia katika mahali pa punje, ndipo urithi wa pande mbili huungana, na ndipo mamilioni ya chembe mpya za vumbi hufanyika. Kila chembe ni karata zinazongoja kuchanganywa tena mwaka ujao.

KUVU ZA NAMNA MBILI ZIKIOANA

Sasa twaja kwenye chotara. Kama harufu ndiyo ianzayo ndoa, je, kuvu ya namna moja yaweza kusikia harufu ya kuvu ya namna nyingine?

Yaweza. Mwaka 1932 mtaalamu wa Marekani, H. A. Rodenhiser, alitoa habari za majaribio yake, ambamo aliozesha fugwe ya punje iliyofunikwa na fugwe ya punje inayopukutika, na chotara akapatikana. Mwaka 1935 wataalamu wengine wawili wa huko huko, Tyler na Shumway, wakaeleza ya kuwa fugwe ya punje iliyofunikwa huoana pia na fugwe ya suke, ijapokuwa moja hujaza punje na nyingine hula suke zima. Wakati huo hakuna aliyejua habari ya harufu wala ya ufunguo. Walikuwa wakiotesha vitoto kimoja kimoja, wakiviunganisha viwili viwili, wakivitia katika miche ya mtama, kisha wakingoja suke. Kazi hiyo ilihitaji subira kubwa, nami naistahi sana.

Sababu yake ilifahamika vizuri baadaye. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi iliyolinganisha harufu na pua za fugwe za majani na nafaka za jamii nyingi. Waliona ya kuwa lugha hiyo ya harufu ni ya zamani mno, nayo haijabadilika sana. Kuvu zilizoachana tangu mamilioni ya miaka bado zasikilizana. Ni kama watu wa makabila mbalimbali waliosahau kila neno la babu yao mmoja, isipokuwa neno la kubisha hodi.

Basi mlango wa kwanza, yaani harufu, hauzuii chotara kuzaliwa. Kizuizi kikubwa kiko mbele yake: chotara ahitaji kuishi ndani ya mmea, na mmea haukubali kila mgeni.

CHOTARA AWEZA NINI

Mara nyingi chotara huwa dhaifu. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Kanada, Storfie na Saville, walichapisha habari za chotara wa fugwe ya vinundu na fugwe ya suke katika mahindi. Nyuzi zake ziliingia katika mhindi na kukua, lakini zilienea kidogo, na madhara yake yalikuwa chini ya yale ya wazazi wake wote wawili. Si ajabu. Mzazi mmoja hutaka kufanya uvimbe juu ya jani, mwingine hutaka kupanda kimya kimya mpaka kwenye mbelewele na gunzi. Mtoto aliyepewa amri mbili zinazopingana hufanya kazi zote mbili vibaya.

Mtama wenyewe una walinzi. Ile fugwe ya suke ya mahindi ikitiwa katika mtama, mtama huisikia mara moja, na kuzunguka mahali palipovamiwa hutoa dawa yake ya asili yenye rangi nyekundu. Kuvu hukwama pale pale. Fugwe ya suke ya mtama ikitiwa katika mahindi huingia katika majani na kuenea, lakini haifaulu kufanya vumbi. Kuvu hizi mbili hazipitani kwa mengi katika urithi wao, lakini tofauti ndogo tu ya jeni huamua ipi itakula mtama wako na ipi itakula mahindi yako.

Hapo ndipo penye hatari ya chotara. Chotara wa kwanza aweza kuwa dhaifu, lakini akifaulu kutoa vumbi hata kidogo, urithi wa babu wote wanne huchanganywa upya, na vitoto vinavyotoka huwa vya kila namna. Vingi havifai kitu. Kimoja katika maelfu chaweza kupata kutoka upande mmoja ujuzi wa kukaa juu ya mbegu, na kutoka upande mwingine ujuzi wa kupita mlinzi fulani wa mtama. Nawe wajua ya kuwa suke moja halitoi maelfu ya chembe, hutoa mamilioni.

Kinga ya mtama dhidi ya fugwe haifanani na ukuta uzuiao kila kitu. Yafanana na mlinzi mwenye orodha ya majina. Wafugaji wa mbegu wamegundua zamani ya kuwa fugwe iliyofunikwa ina makabila mbalimbali ambayo kwa macho hayatofautiani hata kidogo. Mtama wenye jeni moja ya kinga huzuia kabila moja na kupitisha jingine. Kila harusi ya fugwe ni nafasi ya kutengeneza kabila lisilo katika orodha ya mlinzi.

Nataka nieleweke vizuri. Machotara niliyoyataja yalifanywa na wataalamu kwa makusudi. Si kwamba kila suke jeusi la Chilangala ni chotara wa kuvu mbili. Kwa maoni yangu, linalotugusa zaidi kila msimu ni ndoa za karibu zaidi: fugwe iliyofunikwa ya kijiji hiki kuoana na fugwe iliyofunikwa iliyokuja na mbegu kutoka kijiji kingine. Hizo hazina kizuizi chochote. Njia ya ndoa zote, za mbali na za karibu, ni ile ile moja, na mkulima aweza kuifunga yote kwa kazi moja.

UWANJA WA KUPURILIA

Fikiri mwezi wa Juni au Julai. Masuke yamekatwa, yamekaushwa, yamelundikwa uwanjani. Katika lundo hilo mna masuke mazuri mia moja na masuke matatu yenye fugwe iliyofunikwa, ambayo hayakutolewa kwa sababu kwa mbali yafanana na mengine. Mnachukua fimbo na kupura. Vifuko hupasuka. Vumbi hupanda juu, wenye kupura hukohoa, na nguo hupata weusi. Vumbi hilo laenda wapi? Hushika juu ya kila punje njema iliyo katika uwanja ule. Ukipepeta kwa ungo, makapi huondoka, lakini chembe za fugwe hubaki zimeng'ang'ania punje.

Fugwe inayopukutika imekwisha kutangulia. Vumbi lake lilipeperuka shambani, likatua juu ya masuke ya jirani. Kwa hiyo punje moja yaweza kubeba vumbi la namna zote mbili, na la makabila zaidi ya moja kama uwanja ule hutumiwa na nyumba nyingi. Mbegu hiyo huwekwa darini juu ya meko. Moshi hufukuza wadudu, jambo jema, lakini chembe za fugwe zikiwa kavu huweza kuishi juu ya mbegu muda mrefu kuliko muda unaohitajika kufika Desemba.

Mvua ikinyesha, mbegu inapanda maji, na chembe zilizo juu yake zapanda maji pamoja nayo. Zaota pamoja. Vitoto vya kila namna vimekaa bega kwa bega juu ya punje moja, harufu zao zimechanganyika, na mche laini uko karibu. Hata mshenga angetafuta mahali pa kukutanisha wachumba, asingepata mahali bora kuliko hapo. Na mshenga huyo ni fimbo ya kupuria.

Desturi ya kupeana mbegu kati ya ndugu ni nzuri, sisemi iachwe. Mbegu huja kutoka Masasi, kutoka Nachingwea, hata kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Lakini mbegu iliyotoka mbali hubeba vumbi la huko. Ipanguse na kuitia dawa kabla haijagusana na ya kwako.

KAZI YA KUVUNJA NDOA

Mbegu ya mwakani usiichukue katika lundo. Ichague shambani masuke yakiwa bado yamesimama, mahali ambapo hukuona fugwe hata moja karibu. Kata masuke hayo kwanza, yaanike peke yake, na yapure kwanza, juu ya mkeka au turubai safi, kabla fimbo haijagusa masuke mengine. Ukifanya hili moja tu katika yote niliyoandika, umekwisha kupunguza sehemu kubwa ya hatari.

Pili, tia mbegu dawa. Wakulima wa korosho wa Newala wana bahati, maana wengi wana salfa ya unga nyumbani kwa ajili ya ubwiriunga. Salfa hiyo hiyo imetumika tangu zamani katika nchi nyingi kukinga mbegu ya mtama na fugwe ya punje. Gramu 4 hadi 5 zatosha kwa kilo 1 ya mbegu. Ekari moja huhitaji kilo 4 hivi za mbegu, basi salfa yote haizidi gramu 20, wakati mkorosho mmoja mkubwa hupewa gramu 250 kwa mzunguko mmoja. Thairamu nayo yafaa sana, gramu 3 kwa kilo 1. Soma karatasi iliyobandikwa, na ununue ile tu iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tia mbegu kavu na dawa katika debe lenye mfuniko, lisijae, kisha litikise na kulizungusha mpaka kila punje ipakwe. Funga kitambaa puani na mdomoni. Debe hilo lisirudi jikoni, na mbegu iliyobaki isiliwe wala isipewe kuku.

Dawa hii hufanya nini? Huua vitoto juu ya punje kabla havijapata wenzi. Haihitaji kujua kabila wala jina. Chotara na mzazi wake hufa sawasawa. Hiyo ndiyo faida yake kuliko kinga ya aina ya mbegu peke yake. Huko Ethiopia wakulima huloweka mbegu katika mkojo wa ng'ombe au wa mbuzi, na wataalamu walipoujaribu waliona wapunguza fugwe iliyofunikwa. Kwa asiye na salfa ni bora kuliko kupanda mbegu yenye vumbi.

Tatu, panda wakati ardhi imelowa vizuri, na usifukie sana. Kina cha sentimita 3 hadi 4 chatosha katika mchanga wetu mwekundu. Mche uliofukiwa mno huchelewa kutokeza, na kila siku unayokaa chini ni siku moja zaidi ya kushambuliwa. Ukiisha kutokeza, fugwe za punje zimekwisha kukosa mlango wao mkubwa.

Nne, pita shambani suke linapochomoza, mara mbili au tatu. Suke lenye fugwe livike mfuko wa karatasi au gunia kabla ya kulikata, vumbi lisitoke, kisha lichome moto au lifukie chini sana mbali na shamba. Usilitupe jaani, na usilishe mbuzi. Mtama mwitu ulio pembeni ya shamba ung'oe, maana fugwe hizi huishi ndani yake pia. Hali kadhalika visiki: ukiisha kuvuna usiache visiki vichipue, kwa sababu fugwe inayopukutika hupenda sana machipukizi hayo, nayo hutoa vumbi wakati ambapo wewe umekwisha kuacha kulitazama shamba.

Fugwe ya suke ni kazi nyingine. Vumbi lake hukaa udongoni miaka, na salfa juu ya mbegu haiizuii. Shamba lililoishikwa lisipandwe mtama wala mahindi kwa miaka 3 au 4. Panda mihogo, kunde, mbaazi, njugu au ufuta, na masuke yote yenye mafuko yaondolewe kabla hayajapasuka.

Kuhusu aina za mbegu, Tegemeo, Pato, Macia, Wahi na Hakika ni mitama iliyotolewa na watafiti wetu wa Tanzania, nayo ina faida zake katika mavuno na ukomavu. Wahi na Hakika huvumilia kiduha pia. Nunua mbegu iliyothibitishwa na Taasisi ya Uthibitishaji wa Mbegu, yenye alama yake juu ya mfuko. Ila usimwamini mlinzi mmoja usiku kucha. Mbegu njema iliyopurwa katika uwanja mchafu ni mbegu yenye fugwe mwaka wa pili.

SUKE LA AJABU

Ukipita shambani mwako, huenda siku moja ukaona suke lisilolingana na maelezo ya juu. Labda nusu yake ni punje zilizofunikwa na nusu ni fuko kama la fugwe ya suke. Labda mtama si mfupi lakini vifuko vimepasuka mapema. Au aina uliyoambiwa ina kinga, nayo imejaa weusi pembe moja ya shamba tu. Mambo hayo yaweza kuwa na sababu nyingi, lakini chotara au kabila jipya ni mojawapo, na haitambuliki kwa macho peke yake.

Suke kama hilo usilichome kwanza. Likate asubuhi kabla ya upepo, litie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana ndani ya plastiki litaoza na kuota ukungu mwingine. Juu ya mfuko andika jina la kijiji, siku ulipolikata, aina ya mtama, mbegu ulipoipata, na kama uliitia dawa. Weka mahali pakavu, mbali na mbegu. Kisha mpelekee bwana shamba wa kata, naye atalifikisha kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Masuke yaliyobaki katika kona ile ya shamba yaondoe yote siku hiyo hiyo, hata yale yanayoonekana mazima, na punje zake zipelekwe kinuni. Zisiwekwe mbegu.